Gego, Jino la Mbele na Pua ya Mbunge

Anayepigwa nchini Kenya akitaka kesi yake isimame, polisi humpa fomu inayoitwa P3. Huipeleka hospitali. Daktari hulitazama donda, huandika liko wapi, lina muda gani, limesababishwa na silaha ya namna gani, kisha hufika kwenye mstari unaomtaka aseme dhara hilo ni la kiwango gani, na achague kati ya maneno matatu ya Kiingereza: harm, grievous harm, au maim. Hapo kalamu husita kidogo. Shitaka litakaloandikwa kituoni litategemea sana neno hilo, na mwenye donda yuko kwenye benchi nje, bandeji kichwani, anangoja mhuri.

Maneno mawili ya kwanza hayana siri. Harm ni Kiingereza cha asili, dhara la aina yoyote. Grievous harm ni dhara kubwa. Hili la tatu ndilo lenye mambo. Mkalimani wa mahakama ukimwuliza atakwambia ni kulemaza, na hatakuwa amekosea. Ila kulemaza kwetu kunamtazama aliyelemazwa: atatembeaje, atalimaje, watoto wake watakula nini. Maim, enzi za utoto wake, haikumjali sana huyo. Ilimjali mfalme.

Ili kuelewa, pitisha ulimi kwenye meno yako ya mbele, yale ya kukatia. Sasa urudishe nyuma, upande wa shavuni, mpaka uguse magego. Wewe unayahesabu yote kuwa meno yako, na pengine ukiambiwa uchague utayatetea magego, maana ndiyo yanayotafuna nyama. Uingereza ya miaka ya 1200 isingekubaliana nawe. Kitabu kikubwa cha sheria kilichoandikwa kwa Kilatini, kinachobeba jina la Henry de Bracton, hakimu aliyefariki mwaka 1268, kinauliza swali hili bila kutabasamu: aliyevunjwa meno, tuseme amelemazwa? Kinajibu kwamba meno ya mbele ndiyo, kwa sababu yanamsaidia mtu sana kushinda pambano. Magego hayakupewa heshima hiyo, na wanasheria waliofuata walilisema jambo hilo waziwazi. Mtu aliweza kubaki hana hata gego moja, anameza uji tu, na sheria ikamwona mzima.

Kabla hatujauliza ni pambano gani hilo la kuuma, tulitazame neno lenyewe, kwa sababu limetoka mbali. Mwaka 1066 Wanormandi walivuka bahari wakaitwaa Uingereza, na kwa karne kadhaa baada ya hapo mahakama za huko zilisema Kifaransa. Kifaransa hicho kilikuwa na kitenzi mahaigner, kumjeruhi mtu akabaki na kasoro. Waitaliano wana ndugu yake mpaka leo, magagna, yaani dosari. Makarani wa mfalme walipoliandika kwa Kilatini walilifunga mkia wa Kilatini likawa mahemium. Mawakili katika Kifaransa chao cha mahakamani wakasema mayhem. Huko mitaani nako Waingereza wa kawaida wakalitafuna, kama watu wa mitaani wanavyoyatafuna maneno ya wakubwa popote duniani, likabaki silabi moja: maim.

Kwa hiyo maim na mayhem ni mtoto mmoja aliyelelewa nyumba mbili. Wa mtaani akaendelea na kazi yake ile ile ya kuondoa viungo. Wa mahakamani akazeeka pamoja na mafaili, kisha akaibukia Marekani, ambako magazeti yalimpenda kupita kiasi, na kufikia karne ya 20 akawa na maana ya vurugu mechi tu. Leo ukisoma kwamba mpira umeisha kwa mayhem, usidhani kuna mtu amekatwa kidole. Viti vimerushwa, refa amekimbia, basi.

Sasa turudi kwenye pambano. Katika Uingereza ya Bracton, kesi ya jinai iliweza kuamuliwa kwa kupigana. Ukimshitaki mtu wewe mwenyewe kwamba amekuibia au amemwua ndugu yako, ulipaswa kuwa tayari kuthibitisha kwa mwili wako. Wewe na yeye mliingia uwanjani mbele ya mahakimu, mkapigana tangu asubuhi hadi nyota zionekane. Mshitakiwa akistahimili mpaka nyota zitoke, huyo kashinda, anakwenda nyumbani. Akisalimu amri kabla ya hapo, kilichofuata ni kitanzi. Imani yao ilikuwa kwamba Mungu hawezi kumwacha mwenye haki apigwe. Wanawake hawakulazimishwa, wala mapadri, wala wazee waliopita miaka 60.

Na hakulazimishwa aliyelemazwa. Hapo ndipo jino lilipopata kazi mahakamani. Mtu akisimama akasema, “Nina kesi lakini siwezi kupigana,” ilibidi mahakama ijue kama kweli hawezi au anaogopa tu. Ilihitaji kipimo, na kipimo kikawa hiki: je, kiungo alichopoteza kingemfaa kwenye kupigana? Mkono, ndio. Mguu, ndio. Jicho, ndio, hata kama kwetu ukipenda chongo utaita kengeza. Kidole, ndio, maana bila vidole fimbo haishikiki. Mfupa wa fuvu uliotolewa kipande, ndio. Jino la mbele, ndio, kwa sababu fimbo zikivunjika na watu wakakamatana mwilini, meno ndiyo silaha iliyobaki. Gego halifiki kwa adui. Mahakimu walilitazama jeraha kwa macho yao wenyewe pale pale mahakamani, wakisaidiwa na matabibu wa upasuaji. Nikilifikiria tukio hilo namwona mzee wa joho jekundu amemwinamia mkulima aliyeachama, akihesabu.

Mapambano yenyewe yalizidi kuwa adimu, lakini hakuna aliyejisumbua kuyafuta mpaka mwaka 1819. Na yalifutwa kwa sababu mtu mmoja aliyakumbuka. Abraham Thornton alikuwa ameachiwa na baraza la wazee wa mahakama katika kesi ya kifo cha binti aliyeitwa Mary Ashford. Kaka wa marehemu akamshitaki upya kwa njia ile ya kale, naye Thornton akajibu kwa njia ya kale vile vile: akatupa glavu sakafuni, akidai wapigane. Majaji wakapekua vitabu, wakakuta ana haki hiyo. Kaka mtu, kijana mwenye mwili mdogo, akaona bora yaishe. Bunge likaona aibu, likafunga mlango huo mwaka uliofuata.

Lakini kipimo cha viungo kiliishi muda mrefu kuliko mapambano yaliyokizaa, na ndivyo sheria zilivyo: sababu hufa, kanuni ikabaki inatembea peke yake. Mwaka 1769, William Blackstone alipokuwa akimalizia kitabu chake kikubwa cha sheria za Uingereza, bado orodha ilikuwa ile ile. Mkono, kidole, jicho, jino la mbele. Akaongeza kwa adabu za wakati wake viungo ambavyo mnyama dume yeyote akivikosa ujasiri humwisha. Kwa Kiswahili cha wafugaji, kuhasi. Ila sikio halimo. Pua haimo. Ukimkata mtu pua hujampunguzia nguvu za kupigana, umemharibia sura tu, na sura haikuwa mali ya mfalme.

Nimesema mali ya mfalme, na sitii chumvi. Hakimu Edward Coke alieleza kwamba uhai na viungo vya raia viko chini ya ulinzi wa sheria ili raia huyo aweze kumtumikia mfalme na nchi pale atakapohitajika. Akatoa na mfano aliokutana nao mwenyewe akiwa kwenye ziara ya mahakama huko Leicester, kama mwaka 1613 hivi. Kijana mmoja aliyeitwa Wright, mwenye afya na misuli, alichoka kufanya kazi. Akawaza kuwa ombaomba mwenye kigutu hupewa zaidi kuliko ombaomba mwenye mikono miwili. Akamwomba mwenzake amkate mkono wa kushoto. Mwenzake akamkata. Wote wawili wakashitakiwa na kutozwa faini: aliyekata, na aliyekatwa pia. Wright hakuwa na ruhusa ya kuutoa mkono ule, kwa sababu haukuwa wake peke yake. Mfalme alikuwa na hisa ndani yake.

Adhabu ya zamani ilikuwa kiungo kwa kiungo: umekata mkono, nawe unakatwa. Iliachwa mapema, na Blackstone ana sababu ambayo mtu wa mahesabu ataipenda. Mtu akirudia kosa, adhabu haiwezi kurudiwa. Baada ya hapo ilikuwa faini na jela.

Mambo yakabaki hivyo mpaka Desemba 1670, usiku mmoja, London.

Bunge lilikuwa linajadili kodi. Mtu mmoja akapendekeza majumba ya michezo ya kuigiza yatozwe. Upande wa mfalme ukapinga: waigizaji, ukasema, ni watumishi wa mfalme na ni sehemu ya starehe zake. Hapo akasimama Sir John Coventry, mbunge wa Weymouth, akauliza kwa upole kabisa: hizo starehe za mfalme ziko kwa waigizaji wanaume, au kwa wanawake?

Bunge zima lilijua jibu. London nzima ilijua jibu. Mfalme Charles wa Pili alikuwa na hawara mwigizaji, Nell Gwyn, na hakuwa peke yake. Ni swali ambalo kwetu lingeitwa kumvua mkubwa nguo hadharani. Siku chache baadaye Coventry alikuwa anarudi kwake usiku, karibu na Suffolk Street. Kundi la askari wa kikosi cha walinzi wa mfalme, wakiongozwa na Sir Thomas Sandys, walikuwa wanamngoja. Mkuu wa kikosi hicho alikuwa Duke wa Monmouth, mtoto wa mfalme wa nje ya ndoa. Coventry akarudi nyuma mpaka ukutani, akampokonya mtumishi wake mwenge, akapigana mwenge mkono mmoja na upanga mkono wa pili, akawajeruhi baadhi yao. Walikuwa wengi. Walimlaza chini wakampasua pua kwa kisu mpaka mfupani, kisha wakaondoka.

Angalia walichochagua. Wangeweza kumwua. Wangeweza kumkata mkono. Walikwenda kwenye pua, na pua ndiyo mtu anayotangulia nayo kila aingiapo mahali. Kiswahili kina neno ambalo Kiingereza hakina la kulingana nalo: kuumbua. Umbua ni kinyume cha umba. Zamani lilikuwa na maana ya kumharibu mtu umbo lake. Leo kwa kawaida ni kumwaibisha mbele za watu, na wakisema fulani kaumbuka hakuna anayetazama kama ana jeraha. Askari wale walifanya yote mawili kwa pigo moja. Aliyemwumbua mfalme kwa mdomo, wakamwumbua kwa kisu.

Na kwa mujibu wa sheria ya siku ile, hawakuwa wamemlemaza. Pua haipigani.

Wabunge waliporudi baada ya sikukuu za Krismasi walikuwa wamekasirika kiasi cha kukataa kushughulikia jambo jingine lolote mpaka hili limalizwe. Nadhani kila mmoja wao alikuwa ameshika pua yake. Mwaka 1671 wakapitisha sheria ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina la Coventry. Anayemvizia mwenzake na kwa makusudi akamkata au kumharibu ulimi, akamtoa jicho, akampasua pua, akamkata pua au mdomo, au akamkata kiungo chochote, kwa nia ya kumlemaza au kumwumbua, atanyongwa. Sandys na wenzake waliotajwa katika sheria hiyo waliamriwa wajisalimishe la sivyo wahesabiwe wamefukuzwa nchini. Coventry mwenyewe alishonwa, na waliomwona baadaye walisema kovu halikuonekana sana.

Sasa sheria ya Uingereza ilikubali kwamba mtu anaweza kuumizwa vibaya bila kupoteza nguvu hata chembe. Haikuwa huruma kwa maskini aliyekatwa sikio kilabuni, tusidanganyane. Ilibidi aumie mbunge. Lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Kesi maarufu kuliko zote chini ya sheria hiyo ilikuja miaka 50 baadaye, na ingekuwa riwaya mhariri angeirudisha akisema haiaminiki. Bury St Edmunds, mji wa mashariki ya Uingereza, Januari 1722. Arundel Coke, mwanasheria, alimkaribisha shemeji yake Edward Crispe chakula cha usiku. Crispe akifa, urithi ungemfikia mke wa Coke, dada yake. Baada ya kula, Coke akamtoa shemeji yake nje, wakapita kwenye uwanja wa kanisa gizani. Huko alikuwa anangoja John Woodburne, kibarua aliyeahidiwa fedha, ameshika mundu. Woodburne akampiga Crispe usoni na kichwani, akampasua pua, wakamwacha wakidhani amekufa. Crispe aliamka, akajikokota akiwa anavuja damu, akarudi kwenye nyumba ile ile aliyotoka kula.

Walishitakiwa kwa sheria ya Coventry. Coke, akijitetea mwenyewe, alitoa hoja ambayo wanafunzi wa sheria wanasimuliana mpaka leo. Sheria, alisema, inamwadhibu mwenye nia ya kulemaza au kuumbua. Mimi sikuwa na nia hiyo. Nia yangu ilikuwa kumwua.

Usicheke haraka, kwa sababu haikuwa hoja ya kichaa. Wakati ule kujaribu kuua bila kufaulu lilikuwa kosa dogo ambalo halikumpeleka mtu kwenye kamba, wakati kupasua pua kwa kukusudia kulimpeleka. Coke alikuwa anakiri kosa baya zaidi ili apate adhabu nyepesi zaidi, na kwa maandishi yalivyokaa alikuwa na sehemu ya kusimamia. Jaji Peter King aliwaeleza wazee wa baraza kwamba silaha iliyotumika na namna ilivyotumika vyaweza kuonyesha nia: anayempiga mtu usoni kwa mundu ili amwue, ameikusudia na pua pia. Wakamtia hatiani. Coke na Woodburne walinyongwa mwaka huo huo.

Sheria ya Coventry yenyewe ilifutwa mwaka 1828, lakini maneno yake hayakufutwa, yalihamishwa tu. Yalikuwa yamekwisha kuingia katika sheria ya mwaka 1803 yakiwa matatu sasa, maim, disfigure na disable: kulemaza, kuumbua, kunyong'onyeza. Yakaingia tena katika sheria kuu ya makosa dhidi ya mwili ya mwaka 1861. Kutoka hapo yakapanda meli. Samuel Griffith aliyaweka katika kanuni ya adhabu aliyoiandikia Queensland, Australia, iliyopitishwa mwaka 1899, na kanuni hiyo ikawa kielelezo cha zile ambazo serikali ya kikoloni ilizileta Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1930. California nayo, katika kifungu chake kuhusu mayhem cha mwaka 1872, inataja mpaka leo kupasua pua, kana kwamba ni jambo linalotokea kila Jumamosi.

Pamoja na maneno yale matatu ilikuja na tafsiri. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inasema maim ni kuharibu au kulemaza kwa kudumu kiungo chochote cha nje au cha ndani, au hisi yoyote. Hapo gego hatimaye lina nafasi ya kujitetea. Figo iko ndani ya hesabu, na kusikia kuko ndani. Mfalme na pambano lake wametoweka kabisa, na daktari mwenye P3 mkononi haulizwi mgonjwa wake angefaa kwa vita gani. Wahenga wetu waliosema hujafa hujaumbika wangeielewa tafsiri hii haraka kuliko Bracton.

Uingereza yenyewe iliyaondoa maneno matatu hayo katika sheria yake ya mwaka 1861 kwa marekebisho ya mwaka 1967. Ilibaki na “dhara kubwa” peke yake. Kwetu hakuna aliyeyagusa. Kwa Kenya yamo katika kifungu cha 231, kwa Tanzania katika kifungu cha 222, na mwenye kutiwa hatiani anaweza kufungwa maisha. La kwanza limetoka kwa Wanormandi na viwanja vyao vya kupigania. Lile la katikati liko humo kwa sababu ya pua moja iliyopasuliwa London, Desemba 1670.